Jukwaa la masomo ya wauguzi limezeeka: kulirudilia kujenga ni rahisi, kulichunga njo kazi

Ku kituo kimoja cha afya hapa Bukavu kuko bango ukutani ambalo jua limeanza kulipausha. Linaonyesha muuguzi anayetabasamu mbele ya kompyuta, na chini yake anwani ya intaneti pamoja na maneno ya Kifaransa yenye maana ya kwamba wafanyakazi wa afya wanaweza kusoma hapo bure. Siku moja, tukiwa tunangoja mahojiano, nilitoa telefone na kuandika ile anwani herufi kwa herufi. Ukurasa ulichukua muda kufunguka. Mwishowe zikaonekana alama za wafadhili, nne, zimepangwa vizuri sana, kisha jina la kozi, na pale ambapo somo lenyewe lilipaswa kuwa, mraba wa rangi ya majivu. Basi.

Sitataja ule mradi, juu hauko peke yake. Yeyote ambaye amefanya kazi ya afya Kivu Kusini miaka kumi au kumi na tano iliyopita amepewa angalau anwani moja ya namna hiyo, na neno la siri lililoandikwa kwenye karatasi, siku ya mwisho ya semina. Miaka inapita, mradi unaisha, na anwani inabaki ukutani.

Ule mraba wa majivu uko na historia yake. Masomo mengi ya kwenye intaneti ya miaka ya 2000 na mwanzo wa 2010 yalitengenezwa kwa programu iliyoitwa Flash, ya kampuni Adobe. Njo ilikuwa inafanya picha zitembee na maswali yajibiwe kwa kubonyeza. Adobe iliacha kuitunza tarehe 31 Disemba 2020, na tangu 12 Januari 2021 ikazuia hata yale yaliyobaki yasicheze tena. Somo halikufutwa. Liko pale pale kwenye seva, ila mlango wa kuingilia umefungwa, na ufunguo hautengenezwi tena popote.

Ndiyo maana kila mara watu wa afya wanapozungumza juu ya kufufua haya majukwaa, jibu la kwanza ni la fundi: tutoe programu ya zamani, tuweke mpya, ifunguke kwenye telefone. Ni kazi ya lazima, lakini kusema kweli njo ile iliyo rahisi. Programu kama Moodle, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002 na Martin Dougiamas huko Australia, ni ya bure, vyuo vikuu vya dunia nzima vinaitumia, na iko na toleo la telefone ambalo linakubali mtu ashushe somo na kulisoma baadaye bila koneksio. Fundi mzuri wa hapa kwetu anaweza kuisimamisha kwa siku chache. Ugumu uko fasi ingine.

Somo la zamani kwenye nguo mpya

Tuchukue malaria kali kwa mtoto, ugonjwa ambao kila muuguzi wa Kivu Kusini ameukuta. Aliyesoma kabla ya 2010 alifundishwa kinini ndani ya serum: kuhesabu matone, kukaa karibu, kuchunga sukari ya damu isishuke. Mwaka 2010 gazeti la kiganga The Lancet lilitoa utafiti unaoitwa AQUAMAT, uliofanywa kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, na Kongo yetu ilikuwa ndani. Kwa wale waliopewa kinini, walikufa 10.9 kwa mia. Kwa wale waliopewa artesunate ya sindano, walikufa 8.5 kwa mia. Mwaka uliofuata OMS, Shirika la Afya Ulimwenguni, ikasema kwa watoto pia artesunate ipite mbele.

Sasa mtu achukue kozi ya 2008, aitoe ku Flash, aiweke ku Moodle na rangi mpya. Itafunguka vizuri ku telefone. Itakuwa inafundisha kinini. Na muuguzi kijana, ambaye hajui ile hadithi, ataona ukurasa mpya wenye alama ya wizara na ataamini kwamba habari nazo ni mpya. Kwa hiyo ule mraba wa majivu, mimi naona, una nafuu yake: angalau haudanganyi mtu.

Si malaria tu. Kwa miaka mingi wakunga walifundishwa kwamba kazi ya kuzaa inahesabiwa tangu njia ikifunguka sentimita 4, na grafu ya partogramme ikaanzia hapo. Mwaka 2018 OMS ilisogeza hadi sentimita 5, na Disemba 2020 ikatoa karatasi mpya ya kufuatilia uzazi. Sentimita moja inaonekana kitu kidogo. Lakini mama ambaye kwa karatasi ya zamani anaonekana amechelewa, ambaye wanaanza kumwekea dawa ya kuongeza uchungu au kumwandalia upasuaji, kwa karatasi mpya anaweza kuwa bado yuko sawa. Na kila mtu hapa anajua upasuaji maana yake nini: deni ambalo familia itabeba kwa miezi, na pengine mama kubakia hospitalini na mtoto wake mpaka pesa ipatikane. Kliniki ya wajawazito, CPN, nayo iligeuka: mafundisho ya zamani yalisema ziara 4, na tangu 2016 OMS inaomba mama akutane na mfanyakazi wa afya mara 8.

Hizi zote ni sheria ambazo zilibadilika kati ya siku bango lilipobandikwa na leo. Kuzifanya upya si kazi ya fundi wa kompyuta. Ni kazi ya mganga au mkunga ambaye analipwa, kila mwaka, kukaa na kusoma somo moja moja na kusema: hii itoke, hii ibaki. Katika bajeti za miradi tunazozionaga, kuko mstari wa seva, kuko mstari wa kompyuta, kuko mstari wa uzinduzi. Ule mstari wa mganga wa kusoma upya, mara nyingi hauonekani.

Kamituga haikungoja kozi

Mfano ambao uko karibu zaidi na sisi ni mpox. Mwisho wa Septemba 2023, ku Kamituga, mji wa dhahabu katika wilaya ya Mwenga, walianza kuonekana wagonjwa wenye vipele, wengi wao vijana na watu wazima, na mara nyingi vipele viko sehemu za siri. Mafundisho ya zamani yaliuita ugonjwa wa nyani na yalisimulia mambo ya msituni: mwindaji, mnyama, mtoto wa kijijini. Hata jina lilikuwa limekwisha kubadilishwa, juu OMS ilianza kusema mpox Novemba 2022. Ku Kamituga virusi vilikuwa vinapita kati ya watu wenyewe, wakiwemo wachimbaji na wanawake wanaoishi kwa biashara ya ngono kando ya machimbo. Wanasayansi walikuja kuvipa jina la clade Ib.

Africa CDC ilitangaza hatari ya afya kwa bara zima tarehe 13 Agosti 2024, na siku iliyofuata OMS ikatangaza kwa dunia. Vaccin za kwanza zilifika Kinshasa tarehe 5 Septemba, na kuchanja kukaanza Goma tarehe 5 Oktoba. Ile hali ya hatari ya OMS iliondolewa tarehe 5 Septemba 2025.

Hesabu mwenyewe: kutoka wale wagonjwa wa kwanza hadi ile wiki ya Agosti ilipita zaidi ya miezi kumi. Kwa hiyo miezi, muuguzi wa Bagira au wa Nyangezi aliyempokea kijana mwenye vipele alihitaji kujua kitu ambacho kilikuwa kinajulikana tayari, lakini na wenzake wa Kamituga, kilomita zaidi ya mia na hamsini kutoka Bukavu, kwa barabara ambayo tunaijua. Somo lilikuwa linaandikwa pale, ku kitanda cha mgonjwa. Majukwaa yetu ya zamani yalijengwa kama bomba la maji: linashuka kutoka juu, Geneva, Kinshasa, Bukavu, zone, kituo. Halina njia ya kupanda. Kama tunarudilia kujenga, mganga wa Kamituga lazima awe na fasi ya kuweka maelezo ya ukurasa mmoja, yenye tarehe na jina lake, ambayo mwingine ku Divizio ya Afya ya jimbo anayapitia kwa siku tatu na kuyafungua kwa zone zote 34. Miaka minne nyuma, Agosti 2019, ile Mwenga ilipopata wagonjwa wa Ebola iliyotoka Kivu Kaskazini, shida ilikuwa hiyo hiyo.

Mtu atasema: lakini kuko WhatsApp. Ni kweli, na tusijifanye hatuoni. Jukwaa la kweli la masomo ya afya Kivu Kusini leo ni WhatsApp. Kila zone iko na kundi lake, kila promosio ya ISTM iko na kundi lake, na mule ndani kunapita picha za vipele, karatasi za PDF, sauti za dakika nne za mganga mmoja anayeeleza kipimo cha dawa. Inasaidia sana. Lakini ile PDF haina tarehe, imetumwa mara nyingi mpaka hakuna anayejua ilitoka kwa nani, na wiki ijayo itapotea chini ya salamu za krismasi na matangazo ya matanga. Tena picha ya mgonjwa, uso wake na kila kitu, inazunguka kwa watu mia mbili. Jukwaa jipya litashindana na hii tabia. Likiwa zito kuliko WhatsApp, litakufa.

Wengine walifanyaje

Kenya iko na mfano ambao unastahili kuangaliwa vizuri. Mwaka 2005 AMREF pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya walianza kusomesha kwa kompyuta wauguzi wa ngazi ya cheti ili wafike ngazi ya diploma. Walikuwa karibu 22,000. Kwa madarasa ya kawaida ilihesabiwa kwamba ingechukua kama miaka mia. Mwanzoni masomo yalikuwa ku CD, kompyuta zikawekwa hospitalini, muuguzi anasoma bila kuacha kazi yake. Ile teknolojia leo inachekesha, watoto wetu hawajui CD ni nini. Kilichobeba ule mpango ni kwamba Baraza lenyewe lilikuwa ndani tangu siku ya kwanza: ukimaliza, mtihani ni wa Baraza, na diploma inakupandisha. Kwa madaktari wa Kenya nako, kupata leseni ya kila mwaka kunaomba pointi 50 za masomo ya kuendelea, na pointi zinaandikwa kwenye mfumo wa baraza lao. Mtu anafungua somo juu leseni yake iko ndani.

Mfano mwingine ulianzia Mali mwaka 2001, na watu wa hospitali za chuo kikuu cha Geneva: mtandao wa RAFT, wa nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa. Wao walikubali tangu mwanzo kwamba koneksio ni mbaya. Mafundisho yao ya kila wiki yalipita kwa sauti na picha za kusimama, bila kulazimisha video kubwa, na mganga wa Bamako aliweza kufundisha sawa vile profesa wa Geneva. Na OMS, ilipofungua OpenWHO Juni 2017, ilifikiria watu wa koneksio ndogo, wanaoweza kushusha karatasi na sauti. Wakati wa COVID-19 kozi ya utangulizi ilitolewa hata kwa Kiswahili. Hiyo ya lugha tuikumbuke. Kwetu kozi zote ni Kifaransa cha ofisi, wakati muuguzi A2 au A3 wa Kabare anamweleza mama kwa Mashi na kwa Kiswahili. Anapaswa kutafsiri peke yake, ku meza ya kliniki, maneno ambayo hata sisi ku redio tunakaa kuyabishania.

Kongo haikukosa sheria za kusimamia hizi kazi. Order ya madaktari iko tangu 1968. Order ya wauguzi iliundwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Kama hizi Order mbili hazikuwa mezani siku jukwaa linaandikwa, cheti kitakachotoka ni karatasi ya kuweka ku fremu.

Mega, perdiem na mambo ambayo hatusemi

Hapa tuseme wazi, hata kama inakwaza. Semina ya siku tano ku hoteli ya Bukavu inaleta perdiem. Kuko wauguzi wengi katika jimbo ambao hawajaingizwa ku mishahara ya serikali, au wanapata prime ndogo ambayo inachelewa, na kituo chao kinaishi kwa pesa ya wagonjwa. Ile perdiem inalipa shule ya watoto. Kisha unamwambia yule muuguzi: semina imekufa, sasa utasoma ku telefone yako, kwa mega zako, usiku, baada ya kazi. Umemwondolea pesa na umemwongezea matumizi. Usishangae kama hafungui.

Sioni dawa ya hiyo shida kwa programu. Lakini kuko mambo mawili yanayoweza kupunguza uzito. La kwanza, mega. Vodacom Congo imekwisha kufanya kwa wanafunzi, na VodaEduc, ile njia ya kusoma bila kukatwa mega. Hakuna sababu Divizio ya Afya isiombe hivyo hivyo kwa Vodacom, Airtel na Orange. La pili ni cheti chenye uzito, kama Kenya. Muuguzi ambaye anajua kwamba masomo sita ya mwaka yataonekana ku dosie yake siku wanapochagua titulaire wa kituo, atapata wakati.

Wengine wanaogopa udanganyifu: mtoto wa shangazi atajibu maswali, muuguzi atachukua cheti. Itatokea. Ilitokeaga hata ku semina, mtu anasaini asubuhi na kurudi saa kumi kuchukua perdiem. Dawa ni msimamizi wa zone, siku anapotembelea kituo, amwombe muuguzi amwonyeshe kwa mikono yake namna anavyochanganya artesunate. Dakika tano.

Nani iko na ufunguo

Turudi ku lile bango. Jukwaa linakufa kwa sababu ndogo sana. Jina la anwani linalipiwa kila mwaka, kwa dola, kwa karte ya benki. Aliyekuwa analipa alikuwa mfanyakazi wa mradi. Mradi umekwisha, mfanyakazi amepata kazi Kinshasa au Bangui, neno la siri liko ku kompyuta yake.

Mwaka 2025 tuliona hii kwa ukubwa ambao hakuna aliyeutazamia. Januari, Washington ilisimamisha msaada wake wa inje, na tarehe 1 Julai USAID yenyewe ikafungwa. Kivu Kusini ilikuwa moja ya majimbo ambayo USAID ilitegemeza afya kwa miaka, na programu kama PROSANI. Katikati ya hayo, tarehe 16 Februari 2025, Bukavu ikaingia mikononi mwa AFC/M23. Uwanja wa Kavumu ukafungwa, benki zikafunga milango, viongozi wa jimbo waliowekwa na Kinshasa wakahamia Uvira. Mtu wa Bukavu mwenye kutaka kulipa seva ya dola mia hakuwa hata na benki ya kupitia. Na zone za afya zikajikuta pande mbili za mstari wa vita, na ugonjwa wa kipindupindu haujui huo mstari.

Sisi hapa si kazi yetu kusema nani anapaswa kutawala. Lakini jukwaa la masomo ya afya ambalo ufunguo wake uko mkononi mwa mtu mmoja, au ofisi moja, au mfadhili mmoja, limekwisha kuonyesha linafika wapi. Mimi ningeona vyuo viwe ndani. Bukavu iko na Université Catholique na kitivo chake cha uganga, iko na Université Evangélique iliyo karibu na hospitali ya Panzi, iko na ISTM. Wafadhili wanakuja na kwenda; vyuo vinabaki na kila mwaka viko na wanafunzi wa mwisho wanaotafuta mada ya kazi yao. Kufanya upya kozi kumi za kituo cha afya chini ya profesa, hiyo ni mada. Nakala moja ya jukwaa ikae Bukavu, ingine Kinshasa, ingine ku seva ya inje, na Order ziwe na orodha ya majina.

Na intaneti yenyewe? Kuko wazo ambalo halihitaji kungoja minara mipya. Kila mwezi, wauguzi titulaires wa zone wanakutana ku ofisi kuu ya zone, BCZ, na ripoti zao za SNIS za karatasi, kisha ofisi inaziingiza ku DHIS2. Ile siku, hata yule anayetoka nyuma ya mlima, anayetembea saa nne au kupanda pikipiki, yuko pale. Weka ku ile ofisi seva ndogo, ziko za ukubwa wa pakiti ya sigara, zinakula umeme kidogo wa paneli ya jua, zinagawa masomo kwa Wi-Fi bila kutumia mega hata moja. Muuguzi anakuja na ripoti, telefone yake inachukua somo jipya la mwezi na kutoa majibu ya somo lililopita, anarudi nalo nyumbani. Umeme wa Ruzizi ukatike au ukae, si neno. Somo la mwezi liwe moja tu. Sauti ya dakika kumi kwa Kiswahili, karatasi mbili za kuweka ndani ya kitabu cha ordinogramme pale ambapo ya zamani inatolewa, maswali matano. Redio za jimbo zinaweza kupitisha ile sauti, na mama aliye na mimba naye atasikia kwamba ziara ni 8, ataenda kuidai.

Haya hayapendezi ku uzinduzi. Hakuna utepe wa kukata ku ofisi ya zone ya Kaniola.

Bado kuko jambo moja ambalo mafundi wanalisahauga kila mara wanaporudilia kujenga, juu wanaangalia masomo na kuacha watu. Lile jukwaa la zamani lilikuwa na majina ndani. Wauguzi walioamka usiku, wakanunua mega, wakamaliza kozi, wakapata cheti cha kwenye intaneti ambacho hawakukichapisha juu hakukuwa na imprimante. Wengine mwaka jana walikimbia Kalehe au Kabare na nguo walizovaa. Kama diploma zao za karatasi ziliungua, ile orodha ingekuwa njo ushahidi pekee wa miaka ya masomo. Wakianza kazi fasi ingine, wataambiwa waanze upya kama watoto wa shule. Kwa hiyo siku mtu ataita kikao ili kufufua jukwaa, mbele ya kuzungumza rangi na jina jipya, kuko swali la kuuliza wale walio mezani: ile orodha ya zamani iko ku kompyuta gani, na nani bado anakumbuka neno la siri?